Mikono ya Uwanda wa Makonde: Jinsi Masasi na Newala Zilivyojifunza Kuokoa Neva

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi, Karl Weule, alifika Newala akitokea upande wa Masasi. Aliandika mengi kuhusu jando, ngoma na ufinyanzi, lakini jambo moja lilimshangaza tangu siku za mwanzo: watu walikuwa wakiishi juu ya uwanda usio na maji. Mvua hunyesha, ila mchanga huyanywa maji yote, na chemchemi hutokeza chini kabisa, kwenye miteremko na mabondeni. Wanawake walishuka magenge na kupanda tena na mitungi kichwani, kisha wakashika mchi, jembe na mwiko. Shida hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1950, ulipoanza mradi wa kuyavuta maji kwa pampu kutoka bondeni.

Wanaume nao walifyeka vichaka na kulima, na wenye kipaji walikaa chini na tezo na patasi wakichonga mpingo, mti mzito kiasi kwamba ukitiwa majini huzama. Baadaye ikaja korosho, ambayo huokotwa chini ya mkorosho, moja moja, kwa vidole. Katika nchi ya namna hiyo, mkono unapokufa ganzi, njaa iko mlangoni.

Na mikono mingi ilikufa ganzi. Kwa vizazi kadhaa mikoa ya kusini ya Tanzania ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa sana na ukoma, na ukoma ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa ugonjwa wa ngozi. Ndiyo maana historia ya tiba ya neva zilizobanwa katika mkono, kwa upande wa Masasi na Newala, haianzii kwenye chumba cha upasuaji. Inaanzia kwa watu waliotengwa.

Kabla ya hospitali, mgonjwa wa ukoma alijengewa kibanda pembeni ya mji, akapelekewa chakula na ndugu zake kwa siri au kwa huruma. Waganga walimchanja chale na kumpaka dawa penye ganzi. Utawala wa Kijerumani ulianzisha vijiji vya wagonjwa wa ukoma katika wilaya mbalimbali za koloni lake, lengo likiwa kuwatenga zaidi ya kuwatibu, kwa kuwa dawa yenyewe haikuwepo. Mwaka 1873 Mnorwe Gerhard Armauer Hansen alikuwa ameshamgundua kimelea anayesababisha ugonjwa huo, lakini kumjua adui ni jambo moja, na kumshinda ni jingine.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wamefika Masasi mwaka 1876, wakiongozwa na Askofu Edward Steere pamoja na watumwa waliokombolewa Zanzibar. Wabenediktini, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, walijenga upya mwaka uliofuata pale Ndanda, chini ya miteremko ya uwanda. Makundi hayo mawili ndiyo yaliyobeba huduma ya tiba katika eneo hilo kwa muda mrefu, kila moja kwa njia yake.

Kilichowavuta watu kwa wingi kwenda zahanati za misheni katika miaka ya 1920 kilikuwa sindano ya buba. Mtoto aliyejaa vidonda mwili mzima alichomwa sindano chache, na vidonda vikakauka mbele ya macho ya kijiji kizima. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyechunguza tiba ya wamisionari huko Masasi, ameonyesha jinsi sindano hizo zilivyoijengea tiba ya kizungu heshima ambayo mahubiri peke yake yasingeipata. Basi watu wenye ukoma nao walikuja wakitaka sindano yao. Waliipata, lakini haikuwa kama ile ya buba. Yalikuwa mafuta ya chaulmugra, yaliyokamuliwa kutoka mbegu za mti wa Asia, yakidungwa kwenye nyama au chini ya ngozi, wiki baada ya wiki. Maumivu yalikuwa makali na faida ilikuwa ndogo. Ganzi iliendelea kupanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Sista Thekla Stinnesbeck, daktari wa shirika la Wabenediktini wa Tutzing, alianza kazi Ndanda, na hospitali iliyokua hapo ikawa tegemeo la watu kutoka Masasi, Newala na hata ng'ambo ya mto Ruvuma. Jirani na Ndanda, pale Mwena, wagonjwa wa ukoma waliishi katika makazi yao wenyewe, wakiwa na mashamba yao. Upande wa UMCA, mwaka 1935 alifika Lulindi daktari wa upasuaji Mwingereza, Leader Stirling. Hospitali aliyoifanyia kazi ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Huyu ndiye aliyekuja kuwa raia wa Tanzania, mbunge, na kisha Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Daktari aliyepasua wagonjwa chini ya paa la nyasi bondeni Masasi alipata nafasi ya kupanga afya ya nchi nzima.

Lakini katika miaka ya 1930 si Stirling wala Sista Thekla aliyekuwa na uwezo wa kuzuia kilichokuwa kikitokea ndani ya mkono wa mgonjwa wa ukoma. Ili kuelewa ugumu huo, inafaa kuutazama mkono wenyewe kwa karibu.

Mkono wa binadamu unaendeshwa na neva tatu kubwa. Ya kwanza, iitwayo alna, hupita nyuma ya kiwiko, pale ambapo mtu akijigonga husikia shoti mpaka kidole cha mwisho. Ya pili, mediani, hushuka katikati ya mkono na kuingia kiganjani kupitia njia nyembamba kwenye kifundo. Ya tatu, radia, huzunguka mfupa wa mkono wa juu na kuipa misuli nguvu ya kuinua kifundo. Njia nyembamba ya kifundo imezungukwa na mifupa midogo kwa chini na pembeni, na kwa juu imefunikwa na utepe mgumu usionyumbuka. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva ya mediani. Nafasi ya ziada hakuna. Chochote kikivimba humo, neva ndiyo inayoumia kwanza, kwa kuwa ndiyo laini kuliko vyote.

Mediani ikibanwa, ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hubaki salama. Mgonjwa huamka usiku mkono ukimwaka na kumchoma, akaukung'uta mpaka utulie. Asipotibiwa, nyama iliyo chini ya kidole gumba hupungua na kubonyea, na kidole gumba hushindwa kuvikabili vidole vingine. Hapo ndipo mtu anaposhindwa kufunga kifungo cha shati, kuokota sindano au kushika patasi barabara.

Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Kwa hiyo huzishambulia neva mahali zinapopita karibu na ngozi: alna kwenye kiwiko, na mediani juu kidogo ya kifundo, kabla tu haijaingia kwenye njia ile nyembamba. Kinga ya mwili inapoinuka kupigana nao, neva huvimba. Lakini neva imefungwa ndani ya ala yake isiyotanuka, na mbele yake kuna mlango wa mifupa. Inajibana yenyewe. Mgonjwa anaweza kulala ana mkono mzima na baada ya siku chache akawa hawezi kushika kikombe.

Madaktari wa Ulaya walikuwa wameliona tatizo la neva kubanwa kwenye kifundo muda mrefu kabla ya hapo, kwa wagonjwa wasio na ukoma. Katika miaka ya 1850 daktari wa upasuaji wa London, James Paget, alieleza habari za mtu aliyevunjika mfupa karibu na kifundo. Mfupa ulipounga, mfupa mpya uliota kupita kiasi, ukaikandamiza mediani. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikatoka vidonda ambavyo havikusikia dawa yoyote. Vilipona pale tu kifundo kilipofungwa kikiwa kimepindwa, ili neva ipumue. Mgonjwa aliporudi kuutumia mkono, vidonda vilirudi.

Mtu yule wa London hakuwa na ukoma, lakini vidonda vyake vilikuwa vile vile vilivyoonekana kwenye vidole vya wagonjwa wa Mwena. Chanzo kilikuwa kimoja: neva iliyobanwa haipeleki habari, na kidole kisichopeleka habari hakijilindi.

Mwaka 1913 Wafaransa Pierre Marie na Charles Foix waliipasua maiti ya mzee ambaye nyama za chini ya vidole gumba vyake zilikuwa zimekwisha. Waliikuta mediani imevimba juu ya utepe wa kifundo na kukonda chini yake, wakapendekeza kwamba kuukata utepe huo mapema kungeweza kuzuia hasara. Mwaka 1933 James Learmonth aliandika kuhusu upasuaji wa aina hiyo aliofanya Marekani. Katika miaka ya 1950 George Phalen, daktari wa Cleveland, ndiye aliyeufanya ugonjwa huo ujulikane kila mahali, pamoja na kipimo chepesi kisichohitaji mashine: mgonjwa hukunja vifundo vyake kwa dakika moja, na ganzi ikija, neva imebanwa.

Kwa Masasi na Newala, mabadiliko ya kwanza ya kweli yalikuja na kidonge. Mwaka 1941 dawa za jamii ya salfoni zilijaribiwa kwa wagonjwa wa ukoma huko Carville, Marekani, na kufikia miaka ya 1950 kidonge cha dapsoni, cha bei nafuu, kilikuwa kimeenea Afrika Mashariki. Wakati huo mtaalamu wa ukoma James Ross Innes alikuwa amezunguka maeneo mengi ya Afrika Mashariki akihesabu wagonjwa, na serikali za kikoloni zikaanza kuona ukubwa wa tatizo. Watu waliokuwa wakiishi kwenye makazi walianza kurudi makwao, wakichukua vidonge vyao zahanati.

Dapsoni iliwadhoofisha bakteria, lakini haikuunyosha mkono uliokwisha kujikunja. Na zaidi ya hapo, karibu kila mtu, wakiwemo baadhi ya madaktari, aliamini kwamba ukoma unakula vidole.

Aliyeivunja imani hiyo alikuwa Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na kuanza kazi katika hospitali ya Vellore mwaka 1946. Brand aligundua kwamba nyama ya kidole cha mgonjwa wa ukoma hupona vizuri kama ya mtu mwingine yeyote. Vidole vilipotea kwa sababu ya moto, miiba, mipini ya majembe na vidonda vilivyopuuzwa kwa kuwa haviumi. Wengine waliamka asubuhi wakikuta kipande cha kidole hakipo, na uchunguzi ulionyesha kuwa panya ndio waliokula usiku huku mwenyewe amelala bila kuhisi kitu. Dawa ya hilo ikawa paka: kila mgonjwa aliyetoka hospitalini alipewa paka wa kwenda naye nyumbani.

Brand alifanya jambo la pili lililobadilisha maisha ya watu wengi zaidi. Alichukua kano nzima, kwa mfano mojawapo ya zile zinazokunja kidole cha pete, akaihamishia mahali pengine, ili misuli yenye neva hai ifanye kazi ya misuli iliyokufa. Kidole gumba kilichokuwa kimelala ubavuni kikaweza tena kuvikabili vidole vingine. Baada ya upasuaji mgonjwa alifundishwa kwa wiki kadhaa kuutumia mkono wake upya, kwa kuwa ubongo unapaswa kujifunza kwamba kano iliyokunja kidole cha pete sasa inaamuru kidole gumba. Ujuzi huo ulisambaa katika hospitali za ukoma duniani, zikiwemo Kumi na Buluba za Uganda.

Pamoja na upasuaji huo ulienea utaratibu wa kila siku ambao haukuhitaji daktari, nao pengine uliokoa vidole vingi kuliko kisu. Mgonjwa huloweka mikono kwenye maji ya kawaida kwa muda wa nusu saa, husugua ngozi iliyokauka, hupaka mafuta ili unyevu ubaki, kisha hunyoosha vidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Sufuria huteguliwa mekoni kwa kitambaa kizito. Mpini wa jembe huviringishiwa mpira wa ndani wa baiskeli ili usichubue kiganja. Kila jioni mikono hukaguliwa kwa macho, kwa sababu macho yamechukua kazi ya ngozi.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Daktari Karel Styblo aliutumia mpango huo kujenga mfumo wa kutibu kifua kikuu ambao baadaye uliigwa duniani kote. Kwa upande wa ukoma, kila wilaya ilipata mratibu wake, mtumishi wa afya aliyezunguka zahanati kwa zahanati akiwafuatilia wagonjwa. Hii ilikuwa muhimu sana kusini, ambako barabara za mchanga hukwamisha magari kiangazi na matope huyakwamisha masika. Mgonjwa wa kijiji cha mbali cha Newala hakulazimika tena kuhamia kwenye makazi ya wagonjwa ili atibiwe.

Mwaka 1981 kikao cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kilipendekeza mchanganyiko wa rifampisini, klofazimini na dapsoni, kwa kuwa bakteria walikuwa wameanza kuizoea dapsoni peke yake. Tanzania ilianza kuutumia mwaka 1983. Tiba iliyokuwa ya miaka mingi, pengine ya maisha, ikawa na mwisho: siku hizi ni miezi 6 kwa wenye ukoma wa bakteria wachache na miezi 12 kwa wenye bakteria wengi. Tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote kupitia shirika hilo. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha kimataifa cha kutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000.

Takwimu hiyo ya taifa haikumaanisha kwamba ugonjwa umekwisha kusini. Kuanzia mwaka 2015, Tanzania ilipoingia katika mpango wa nchi kadhaa wa kujaribu kinga ya ukoma, Nanyumbu, wilaya iliyomegwa kutoka Masasi, ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu zilizochaguliwa, pamoja na Liwale na Kilombero. Watu wa nyumba moja na mgonjwa na majirani zake walipewa dozi moja tu ya rifampisini. Utafiti uliofanyika Bangladesh ulikuwa umeonyesha kuwa dozi hiyo hupunguza uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 57 katika miaka 2 ya mwanzo.

Pia dawa huua bakteria tu. Neva inaweza kuvimba wakati mgonjwa anaendelea na dozi, na hata baada ya kumaliza, kwa sababu mwili unapambana na mabaki ya bakteria waliokufa. Ndiyo maana kipimo kilichookoa mikono mingi katika zahanati za Masasi na Newala hakina mashine. Mtumishi wa afya humketisha mgonjwa na kumwonyesha jinsi kipimo kinavyofanyika, kisha humwambia afumbe macho. Anagusa kiganja kwa ncha ya kalamu ya wino, taratibu, ngozi ibonyee kidogo tu: kwenye ncha ya kidole gumba, ya kidole cha shahada, pembeni ya kiganja, kwenye kidole cha mwisho. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole cha mkono mwingine mahali alipoguswa. Pale asipojibu, mtumishi huweka alama kwenye mchoro wa mkono ulio kwenye kadi. Kisha humwambia ainue kidole gumba juu, naye akikisukuma chini kupima nguvu, na hupapasa neva nyuma ya kiwiko na juu ya kifundo kuona kama imenenepa au inauma.

Mwezi unaofuata hupima tena na kulinganisha michoro miwili. Ganzi mpya ikithibitika, huanzishwa tiba ya predinisoloni, dawa inayotuliza uvimbe, kwa dozi kubwa mwanzoni inayopunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Neva iliyoanza kufa chini ya miezi 6 iliyopita ina nafasi nzuri ya kurudi. Baada ya hapo nafasi hupungua sana. Wapo madaktari wanaopasua ala ya neva au utepe wa kifundo pale dawa inaposhindwa, ingawa ushahidi kwamba upasuaji wa aina hiyo kwa wagonjwa wa ukoma unaleta faida zaidi ya predinisoloni peke yake bado ni haba.

Leo wengi wanaofika zahanati za uwanda wa Makonde wakiwa na ganzi mkononi hawana ukoma. Wana sukari, ni wajawazito, wana baridi yabisi, au wanafanya kazi zinazokunja kifundo kwa nguvu na kwa kurudiarudia kutwa nzima. Na kazi za namna hiyo zimeongezeka.

Korosho ni mfano ulio wazi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Baada ya watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei kuanguka na magonjwa ya mimea kuingia, mavuno yalishuka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mikopo mikubwa, vikiwemo vya Masasi na Newala, vilikaa kimya kwa miaka. Kilimo kilipofufuka, sehemu kubwa ya korosho iliendelea kusafirishwa ghafi kwenda India, lakini ubanguaji wa mkono nao ulirudi, viwandani na kwenye vikundi vya wanawake.

Mbanguaji hukaa mbele ya mashine ndogo yenye visu viwili. Mkono mmoja huweka korosho, mguu hukanyaga pedali kuvibana visu, na mkono wa pili huvuta mpini mpaka ganda lipasuke. Kiini hukwanguliwa bila kuvunjika, maana kiini kizima ndicho chenye bei. Baadaye huja kazi ya kumenya ganda jembamba kwa ncha za vidole na kisu kidogo. Mafuta ya maganda huunguza ngozi, na malipo mara nyingi ni kwa kilo, hivyo hakuna anayependa kupumzika. Kushika kwa nguvu, kifundo kilichopinda na mwendo uleule mara maelfu ni mambo ambayo madaktari wa kazini wameyahusisha kwa miaka mingi na kubanwa kwa mediani. Wachongaji wa mpingo, mafundi seremala na waendesha misumeno ya mnyororo wako kwenye kundi hilo hilo.

Tiba ya neva iliyobanwa kwa sababu hizo inaeleweka vizuri. Hatua ya kwanza ni kifaa kinachoshikilia kifundo kikiwa kimenyooka usiku, kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mtu akilala hukunja kifundo bila kujua. Pamoja na hilo hupunguzwa kazi inayochochea maumivu, hudhibitiwa sukari, na mjamzito huelezwa kuwa mara nyingi hali hutulia baada ya kujifungua. Hatua ya pili ni sindano ya dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya njia ya kifundo. Hatua ya tatu ni kuukata ule utepe mgumu: mkono hutiwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, kazi yenyewe huchukua dakika chache, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maumivu ya usiku mara nyingi huondoka upesi. Nyama iliyokwisha kupungua chini ya kidole gumba hurudi polepole sana, na wakati mwingine hairudi.

Kwa mtu wa Newala au Masasi, upasuaji huo unahitaji rufaa. Zipo hospitali za wilaya, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Benedikto Ndanda, na katika miaka ya karibuni imejengwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo, Mtwara, ambayo imepunguza safari za Dar es Salaam. Lakini hospitali kubwa humsaidia aliyefika. Wengi huanza na kuchua, chale na vidonge vya maumivu vya dukani, na miezi hupita wakiamini kuwa ganzi ni uchovu wa kazi.

Kwa hiyo halmashauri za Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu, vyama vya ushirika na wenye viwanda vya kubangulia wanaweza kufanya jambo lisilogharimu sana: kumpima kila mbanguaji mikono yake mwanzoni mwa msimu na mwishoni, kwa kalamu na mchoro ule ule ambao waratibu wa ukoma wamekuwa wakiutumia kwa miaka. Waratibu hao wapo, na ujuzi wanao.

Na yeyote ambaye vidole vyake vinakufa ganzi usiku, anayeangusha vitu bila sababu, au mwenye baka lisilohisi mguso popote mwilini, aende zahanati ya karibu mwezi huu huu akaombe kupimwa neva. Kipimo ni kalamu na dakika chache. Ikiwa ni ukoma, dawa ni bure. Ikiwa ni kifundo, tiba ipo. Katika ukoma muda wa kuokoa neva ni miezi 6 tangu ganzi ianze, na kwa neva iliyobanwa kifundoni pia, kila mwezi unaopita bila tiba hupunguza nafasi ya mkono kurudi kama ulivyokuwa.